Shujaa Uliyemchora

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima, ila mgongo bado unamsumbua mama.

Jana nilikwenda kwenye usaili wa filamu ya kitabu chako cha katuni. Jamani! Nafasi ya shujaa wamempa msichana mweupe, mwembamba kama wa tangazo la sabuni. Nikamwambia mwongozaji kwamba shujaa wa kitabuni ni mweusi, mnene, mwenye mwanya. Akacheka: "Binti, nani atanunua tiketi amtazame huyo?"

Mjomba, likizo nzima ulinikalisha dirishani ukinichora mimi! Hilo sikumwambia mwongozaji.

Msaidizi wake anadai wewe umeyakubali mabadiliko hayo. Nikamjibu kwamba haiwezekani, hawakukuuliza. Tafadhali nijibu upesi, hata kwa neno moja.

Mpwa wako akupendaye,
Kibonge