Baba, Nimewaambia Hukuwa Shamba

Baba,

Nimekukasirikia, na kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu kwa sababu hajibu.

Nimeomba kusomea shahada ya udaktari. Stashahada ya tiba niliimaliza, na alama zangu ni nzuri isipokuwa za mwaka wa pili, ule mwaka wako. Nilianguka karatasi mbili nikazirudia. Wiki jana watu wa chuo kikuu waliniita kwenye mahojiano, ofisi zao ziko Kilimani, na mama mmoja mpole mwenye miwani akataka kujua ni kwa nini nilianguka. Nikamweleza kwamba nilikuwa namuuguza baba yangu, mgonjwa wa figo, kila Jumanne na Ijumaa kwenye mashine ya kusafisha damu. Akafungua faili. Mhadhiri wangu ameniandikia barua nzuri ya kunisifu, Baba, na ndani yake ameeleza kwa moyo safi kabisa kwamba mwaka ule nilikosa masomo kwa sababu nilikuwa nikisaidia familia kuvuna viazi Nyandarua.

Nani alinituma nikamwambie hivyo?

"Sema tuko shamba." Ndivyo ulivyosema, umevaa koti, viatu vimepigwa rangi, ungedhani unaenda harusini. Hukutaka majirani wajue, wala wazee wa kanisa. Tukitoka hospitali, miguu yako haina nguvu, bado ulinisimamisha soko la Kawangware tununue viazi vya kugawia majirani. Tena ulichagua vile vyenye udongo. Siku moja ulinikaripia kwa kuchukua vilivyooshwa. Nilicheka siku hiyo, nakubali. Wewe pia ulicheka mpaka ukakohoa, tukakaa juu ya gunia la mwenye kibanda mpaka pumzi ikakurudia. Sasa sicheki.

Yule mama wa mahojiano alinipa nafasi. Alisema nilete mtu asiye wa familia, aliyeona kwa macho yake, kabla wiki hii haijaisha. Karatasi za hospitali zinaonyesha ulikuwa mgonjwa, lakini hazionyeshi nani alikuwa ameketi kando yako. Nikaenda kwa mchungaji. Akanikumbusha kwamba siku ya mazishi tulisoma wenyewe, mbele ya kanisa zima, kwamba uliugua kwa muda mfupi. Nikaenda kwa jirani yetu Mama Kevo. Akaniambia ulikuwa mtu wa nguvu zake, ulilima mpaka mwezi wa mwisho, na viazi vyako vilikuwa vitamu kuliko vya sokoni. Nilitaka kupiga ukuta ngumi.

Nyumbani Mama akaniomba niyaache. Alisema nisikuvue nguo mbele ya watu, kwamba marehemu hana wa kumtetea. Na mimi je, nina nani? Ni pale kwenye mashine ndipo nilipotaka udaktari. Pale ndipo nilipojifunza kuangalia uso wako na kujua presha inashuka kabla mashine haijalia, nikuinue miguu, nimwite nesi. Nina jambo hilo moja tu la maana la kuwaambia wale watu, na ndilo ulilonikataza kusema.

Basi jana nimesema. Nilimwendea rafiki yako Mzee Njoroge dukani kwake hapa Kabiria, yule mliyekuwa mkicheza naye drafti kila Jumamosi. Nikamwambia yote, hata ya viazi. Nilidhani atakasirishwa na uongo wetu. Aliweka chini misumari aliyokuwa akimpimia mteja, akaniuliza:

"Si angeniambia tu? Hizo Jumanne ningempeleka mimi, na wewe ukae darasani."

Nililia pale pale, mteja akiningoja nimpishe. Mwaka mzima niliamini hatuna mtu, Baba. Mtu tulikuwa naye, hapo kona tu.

Anakumbuka alivyotuona tukitoka asubuhi, mimi bila begi la chuo, na tukirudi jioni ile ile. Alijiuliza ni nani huenda kulima Nyandarua akarudi siku hiyo hiyo, lakini aliona haya kukuuliza. Wanaume nyinyi. Alhamisi atavaa suti twende naye Kilimani aseme alichokiona. Sijui kama kitawatosha. Wakininyima, nitaomba tena mwakani na nitasema yale yale.

Udaktari siwezi kukuahidi, si mimi ninayeutoa. Nakuahidi hili lililo mikononi mwangu: hakuna mtu wa nyumba hii atakayeugua tena kwa siri. Mama ana presha, na amekuwa akificha vidonge ndani ya kopo la sukari. Nimeshamwambia shangazi, mchungaji na Mzee Njoroge. Amenuna, hasemi nami. Acha anune, ilimradi yuko.

Pumzika, Baba. Nakupenda, na hasira bado haijaisha.

Binti yako,
Wambui