Binti Yangu Alidanganya Mahakamani, Mtoto wa Jirani Akahukumiwa

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie mimi mama mwenzio, maana nimechoka, na hapa Singida mjini sina wa kumwambia.

Mimi na mume wangu tuna duka la vitambaa, tulilifungua biashara ya watu binafsi iliporuhusiwa, na mwezi wa tatu tulikwenda msibani Kintinku, tukarudi tukakuta mlango wa nyuma umevunjwa na vitenge vingi vimebebwa, tukaripoti polisi, kimya, kisha siku moja nikamwona Damari bombani, mtoto wa jirani yetu Raheli, ana miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, amejifunga kitenge, nikashika pindo nikaona herufi R kwa kalamu ya bluu, alama ninayoiweka mwenyewe kwenye kila doti, nikapiga kelele watu wakajaa.

Mtoto akasema, "Mama alinunua dukani kwenu. Dada Rukaiya ndiye aliyemuuzia."

Rukaiya ni binti yangu, ana miaka kumi na tisa, hunishikia duka nikitoka. Nilimuuliza akakataa, na mahakamani akaapa akasema vilevile, nami nikaapa kuhusu alama yangu, Raheli hakuwa na risiti kwa sababu sisi hatutoi, basi hakimu akamtia mtoto hatiani kwa kuvunja duka na kuiba. Amewekwa chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii miaka miwili, lakini shuleni wanamwita mwizi, ameacha kwenda, na mtihani uko karibu.

Sasa mshauri, wiki iliyopita Rukaiya alinikuta jikoni nachambua mchele, akakaa chini akasema, "Mama, kile kitenge nilikiuza mimi. Hela nilinunua viatu. Nilimwogopa baba." Mimi nikaendelea kuchambua mchele, sijui kwa nini, mikono tu ilikuwa inakwenda.

Mume wangu nilipomweleza alisema, "Funika hilo. Aliyehukumu ni hakimu, siyo wewe. Unataka binti afungwe kwa kiapo cha uongo, na ndoa ni baada ya Maulidi?"

Juzi Raheli akaja, anakata rufaa, amekwisha kupeleka taarifa, na karani kamwambia zimebaki siku kumi na saba za kuwasilisha sababu. Akasimama mlangoni: "Mama Rukaiya, sikuja kugombana. Jaribu tu kukumbuka, Rukaiya hakuwahi kukwambia kwamba aliniuzia?"

Nikamjibu sikumbuki. Akasema haya, asante, akaondoka.

Na Damari bado ananiamkia, mshauri. Kila asubuhi shikamoo, na mimi marahaba haitoki. Nimwokoe wa mwenzangu nimtose wangu?

Mama Rukaiya

MSHAURI ANAJIBU

Mama Rukaiya, pole. Barua yako nimeijibu kwa posta siku niliyoipata, kwa sababu siku zenyewe ni chache. Haya ndiyo niliyokuandikia, majina nimeyabadilisha.

Ulipoapa kuhusu alama ulisema kweli uliyoijua. Ulipomwambia Raheli hukumbuki, ulikuwa umeshajua. Hilo ni lako, usimwekee Rukaiya. Na mumeo asikudanganye: hakimu alihukumu kwa maneno mliyompa ninyi. Kesi nzima ilisimama juu ya doti moja, na doti hiyo ilinunuliwa. Aliyevunja duka lenu hajulikani mpaka leo, nanyi mmemnyooshea kidole mtoto aliyekuwa anachota maji.

Mchukue Rukaiya, mwende kwa Raheli leo. Usitume wazee, usibebe sukari. Rukaiya aseme kwa mdomo wake. Kisha mwende wote kwa ofisa ustawi wa jamii, awaonyeshe wakili. Rukaiya aandike ukweli kwa kiapo, na rufaa iombe Mahakama Kuu ipokee ushahidi huo. Damari arudi darasani sasa hivi. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu ukamweleze.

Je, Rukaiya anaweza kushtakiwa? Anaweza, sikufichi. Ndiyo maana nasema wakili. Lakini anayejileta hatazamwi kama anayekamatwa. Na mchumba aambiwe kabla hajasikia sokoni. Akikataa kuoa, amekataa. Binti yako ana miaka kumi na tisa, hajafika mwisho wa dunia.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Wiki hii Mama Rukaiya amenijibu kwa mistari michache. Damari yuko darasani. Rufaa imepokelewa Dodoma, haijasikilizwa. Ndoa imesogezwa, hawajui mpaka lini, na mume hasemi naye.

Siku ile walikwenda wawili. Raheli hakuwakaribisha ndani. Aliwasikiliza akiwa amesimama, mpaka Rukaiya akamaliza na kulia, na hakusema kama amesamehe. Aliingia ndani, akatoka na nakala ya hukumu, akavaa kandambili.

"Ofisi zinafungwa saa tisa na nusu," akamwambia Rukaiya. "Twende."