Springi Fupi

Musoma, Alhamisi usiku

Fundi Wambura amesema gari langu halitanyanyuka zaidi ya hapo. Springi zake hazipatikani madukani, tukafunga fupi za gari lingine, likakaa chini mno. Leo amebana vipande vya tairi kwenye springi, likapanda vidole vitatu.

"Hapo gari ni tupu, Mwandishi," akaniambia. "Wagonjwa wetu wanasindikizwaga na ukoo mzima. Pandeni nipime."

Mahali pa baba, aliyelala mgonjwa ndani, tuliweka gunia la udaga, mihogo mikavu, lenye uzito kama wake. Mama na dada zangu wawili wakapanda. Tairi likagusa bodi.

"Abaki mama tu," akasema Wambura.

Dada zangu walishuka. Baba akifia njiani, hawatakuwepo. Naogopa hilo kuliko matuta ya barabara ya Bunda.

Tunaondoka kwenda hospitali Mwanza kesho alfajiri.