Msichana Nyuma ya Beberu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijafa, na sisemi hivyo kwa mbwembwe, maana daktari ameacha kuniandikia dawa na sasa ananiuliza tu napenda kula nini.

Nilikuwa mwalimu wa fasihi hapa Tashkent, lakini mtaani wananijua kama bibi wa katuni, kwani tangu ujana nimeandika maoni yangu magazetini, na kila mtu ameshanisikia nikisema kwamba katuni za siku hizi zinang'aa mno, maji yake ni mazuri kuliko maji halisi, wahusika hawanyamazi hata kidogo, ilhali katika zile za zamani mstari unatetemeka kwa sababu mkono wa mtu ulipita pale. Mfano wangu siku zote ni ile ya mbuzi beberu anayevuka daraja kwenye theluji, ambayo runinga huirudia kila sikukuu ya Navruzi, mwaka mpya wetu wa majira ya machipuko.

Ukweli ni kwamba naitazama kwa hofu.

Zamani hizo rafiki yangu Mukambar alichora filamu ya msichana anayekwenda kuteka maji, unamwona mgongo tu hadi mwisho, ambapo angegeuka, na uso huo Mukambar alikuwa hajauchora bado. Nikamshauri kuhusu rangi, akacheka mbele ya wenzake: "Inobat, shoga yangu, wewe kazi yako kutazama. Acha sisi tuchore." Wiki hiyohiyo nikaitwa kwenye kamati ya studio ya kukagua filamu, nikaandika kwamba msichana yule hana uhai, nami nilikuwa nimelia nikimtazama. Filamu ikasimamishwa, na kama ilivyokuwa desturi ya studio, karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, alimochorwa msichana, zikasuguliwa kwa maji ya moto na soda ili zitumike tena. Juu yake wakamchora beberu.

Mukambar hakujua maoni yalikuwa ya nani. Hakuchora tena, alidarizi kofia mpaka macho yakapofuka, na sasa tunaishi ua mmoja na yeye ndiye anayeniletea supu.

Lakini mikwaruzo ya kalamu ya chuma iliyomchora haitoki kwa soda. Pale darajani, ndani ya theluji, mgongo wa msichana upo. Nimeuona miaka hamsini nikanyamaza. Mwaka huu kitukuu changu Iroda akaniuliza, "Bibi, mbona yule dada anageuka?"

"Dada gani?"

"Wa nyuma ya beberu. Mwaka jana alikuwa mbali."

Kugeuka huko hakukuchorwa na mtu yeyote, mshauri. Nimwambie Mukambar, au nife na siri hii?

Inobat

*

Inobat opa, dada yangu mkubwa, pole kwa ugonjwa, na kwa mengine sikupi pole.

Supu ya mtu uliyemfuta unaimezaje? Miaka hamsini umezilaumu katuni mpya kwa sababu hazitetemeki, kumbe unayetetemeka ni wewe. Zipo mpya nzuri, na mwanamke mwenye jicho kama lako anajua hivyo. Kosa la katuni hizo ni moja tu: ndani yake hamna mtu wa kukutafuta.

Mwambie. Usipeleke halua, hiyo ni hongo. Usianze na ujana wenu, wala kamati, wala nyakati zilivyokuwa ngumu. Shika mkono wake useme, "Ni mimi niliyeandika," kisha nyamaza, umwache aseme atakalo. Akikufukuza, ondoka. Akikaa, washa filamu ya beberu. Yeye haoni, kwa hiyo msimulie kila mkwaruzo ulio kwenye theluji, bega, mtungi, pindo la gauni, pasipo kuongeza wala kupunguza. Alisema kazi yako kutazama. Basi mara hii itazame kwa ajili yake. Na uso wa msichana umwulize yeye, maana ni yeye peke yake aliyeujua.

Nisingependa kukuambia hili, lakini hukuniandikia ili nikubembeleze. Jana asubuhi niliitazama filamu hiyo hapa ofisini pamoja na fundi wetu, ambaye barua yako hajaisoma. Mimi niliona theluji. Yeye akasema, "Huyo binti wa nyuma amechorwa vizuri, hata sikio lake linaonekana."

Sikio moja, opa. Uso bado.

Nenda leo.