Aliyenisomesha Achague

Wajir
6 Oktoba 2023

Kaka Kimani,

Pokea salamu, na za Mama ziwe nyingi kuliko zako. Mimi mzima, isipokuwa joto linanimaliza na mbuzi wa jirani wamekula karatasi za mtihani wa kidato cha pili. Mama anaendeleaje? Mkono wa kushoto umeanza kushika kikombe, au bado unamnywesha? Niambie ukweli, usinifiche kama ile siku alipopata kiharusi.

Mlingoti wa simu ulioungua mwezi wa saba bado uko vilevile, ndiyo maana nilikuachia simu yangu likizo ya Agosti. Huku ingekuwa tochi tu. Barua nitazidi kumpa Samatar, yule kondakta wa basi la Wajir hapo Eastleigh. Juzi nilipanda lori na mwalimu mwenzangu, Ndinda, saa tatu nzima hadi mjini, nikasoma barua pepe kwa simu yake. Chuo kimenikubali, Kaka, tena kozi mbili. Zote ni digrii ya pili ya teknolojia ya habari, ila ukithibitisha moja, nyingine inajifunga. Mwisho ni tarehe 17 Novemba. Nambari ya kuthibitisha inatumwa kwa laini yangu, ambayo unayo wewe. Nywila anayo Jacky wa saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia, ndiye aliyenijazia fomu.

Ya kwanza ni sayansi ya data. Inasomwa mchana, miaka miwili, kwenye kampasi ya Kisumu, na nitalazimika kuomba likizo ya masomo. Hapa kijijini zahanati inaandika chanjo za watoto kwenye daftari. Mchwa walilila daftari la mwaka jana, muuguzi akabaki kukisia nani amechanjwa na nani bado. Nilikaa naye Jumamosi tatu tukahamishia yaliyobaki kwenye kompyuta ya shule, tukagundua kuna kijiji kimoja hakijapata chanjo ya surua tangu 2021. Kijiji kizima, Kaka. Hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja. Mimi nilibahatisha tu. Ningejua kuifanya kazi hiyo sawasawa, sijui tungegundua mangapi.

Ya pili ni usalama wa mitandao. Ni ya jioni, hapo Nairobi. Nzuri pia.

Chagua wewe. Baba alipokufa uliacha shule kidato cha pili ukashika kisu chake pale buchari ya soko la Burma ili mimi nisome. Kwetu aliyekusomesha ndiye hukata shauri, na mimi siwezi kuwa wa kwanza kuvunja hilo.

Dada yako,
Shiru


Ziwani, Nairobi
15 Oktoba 2023

Siste Shiru,

Niaje huko kwenye jua. Sisi tupo. Mama anashika kikombe, lakini chai iwe nusu. Anakusalimia sana. Kila jioni ananiuliza Shiru anarudi lini, nami namwambia karibu tu, kwa sababu sina jibu lingine.

Barua yako niliisomea kazini, kwa hiyo ukiambiwa ina damu ya mbuzi usishtuke. Nikawauliza wateja wawili. Mmoja akasema data, mwingine akasema usalama, wakaanza kubishana mpaka choma yao ikapoa na wakataka niipashe tena. Sasa nani atanisaidia? Mimi nikiona paja najua kama ng'ombe alikuwa mzee au kijana. Hayo yako siyajui, usinibebeshe.

Na wewe unataka kusomea usalama wa mitandao na nywila yako iko kwenye daftari la Jacky, imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Haya.

Nilikusomesha uchague, sikukusomesha nikuchagulie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hiki ni chako. Niandikie neno moja tu, jina la kozi, nami siku hiyo hiyo nitaenda kwa Jacky tubonyeze. Bila neno lako sibonyezi.

Kula vizuri.

Brathe wako,
Kimani


Ziwani
17 Novemba 2023

Shiru,

Naomba uwe salama na paa lenu liwe bado juu. Mama mzima. Mimi nina homa ya kunyeshewa, itaisha.

Mwezi mzima sijapata barua yako. Nimeenda Eastleigh mara sita. Samatar mwenyewe amekwama ng'ambo ya Garissa, maji yamekata barabara, na yule mwenzake wa ofisini ameniambia nisirudi mpaka mvua iishe, kana kwamba mimi ndiye niliyeileta.

Leo ndiyo tarehe ya mwisho. Asubuhi nilivua aproni nikaenda mpaka ofisi za chuo, mjini. Mama mmoja alinisikiliza vizuri sana. Akasema hawezi kuongeza hata saa moja, mfumo unajifunga wenyewe. Nikamwuliza huo mfumo una mkubwa wake niongee naye. Akacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Nilikuambia sibonyezi bila neno lako. Lakini nikinyamaza unapoteza zote mbili. Saa kumi nikaitoa barua yako nikaisoma tena. Data umeiandikia nusu ukurasa, na mchwa ndani, na muuguzi. Ile nyingine umeiandikia mstari mmoja, ukamaliza na "nzuri pia." Mtu hasemi "nzuri pia" juu ya kitu anachokitaka. Nikaenda kwa Jacky, tukabonyeza data.

Mama nimemwambia utakuwa Kisumu miaka miwili. Aliweka kikombe chini, akasema sawa.

Kama nimekosea, nisamehe. Kama nimepata, ningependa kusikia ukicheka. Barua naiacha kwenye ofisi ya basi, ingoje barabara.

Brathe wako,
Kimani


Wajir
30 Oktoba 2023
(Samatar ameifikisha Ziwani tarehe 10 Desemba.)

Kaka Kimani,

Habari za nyumbani? Huku hatujambo. Mawingu yamefunga tangu jana na watu wanafurahi, ng'ombe watapata kunywa.

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Unasema huchagui, lakini nakujua. Kabla hujagusa habari ya kozi umeniandikia kwamba Mama anauliza kila jioni narudi lini, na kwamba huna jibu la kumpa. Hilo ndilo chaguo lako. Umelificha ili nisije nikasema umenilazimisha. Nimekuelewa, na nakushukuru. Neno moja uliloomba ndilo hili: usalama.

Sikungoja. Kuna mwalimu wa hapo Nairobi anaitwa Kweyu, mkewe ndiye huyu muuguzi wa zahanati yetu, na amekuwa akitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Shule yake iko Eastleigh, nitakuwa nikitembea kwa miguu kutoka nyumbani. Yeye alishatia sahihi fomu akamwachia mkewe, na leo nami nimetia yangu. Sharti la ofisi ya walimu ni kwamba nisiombe likizo ya masomo kwa miaka mitatu. Kwa vile kozi ni ya jioni, halinisumbui.

Mwambie Mama Januari nitakuwa naye. Na usidhani nina huzuni.

Dada yako,
Shiru


Ziwani
11 Desemba 2023

Shiru,

Mama mzima. Mimi si mzima, na si homa.

Barua yako ilinifikia jana nikikata mbavu. Niliisoma nimesimama, nikamwachia mteja nyama yake kwenye mzani nikaondoka. Leo asubuhi nilikuwa chuoni kabla hawajafungua. Nikawaonyesha tarehe uliyoandika, nikawaonyesha bahasha ilivyovimba kwa maji. Wakasema data imethibitishwa, na ile ya usalama nafasi yako imepewa mtu mwingine. Nikawaambia kosa ni langu, si la huyu msichana. Wakasema mfumo hauulizi kosa ni la nani. Nikauliza kama hiyo data inaweza kukungoja miaka mitatu. Haingoji. Nikatoka hapo mpaka ofisi ya walimu, nako wakaniambia sahihi imetiwa, Kweyu ameshahama nyumba. Jacky naye amejaribu kila mlango anaoujua kwenye kompyuta, mwishowe akaizima.

Ile habari ya Mama, Shiru, ilikuwa salamu. Mama ameuliza, nami nikaandika ameuliza. Sikuwa nimeficha chochote hapo.

Nimekukasirikia sana. Kwa nini hukuandika tu kile unachokitaka? Halafu nikajikasirikia zaidi, kwa sababu nilipoisoma barua yako ya kwanza, kabla hata sijafika mwisho, nilisema moyoni, huyu aende akasome data. Siku ile ile. Nikajifanya sijui. Niliogopa kwamba siku moja mambo yakiharibika utasema mkata nyama aliyeishia kidato cha pili ndiye aliyekuchagulia maisha. Nilikuwa nalo hilo neno, nikakunyima.

Sijui nifanye nini sasa. Niambie, nami nitafanya.

Kimani wako


Wajir
19 Desemba 2023

Kaka,

Niko salama. Nanyi muwe salama.

Barua zako mbili zimefika pamoja, ile ya Novemba na hii ya majuzi, na kwa bahati niliifungua ya Novemba kwanza. Nilipofika mahali ulipobonyeza data, nilicheka, kama ulivyotaka. Nilicheka kwa sauti mpaka Ndinda akaja kuniuliza kuna nini, nikamwambia nina kaka anayenijua. Nadhani ilikuwa dakika nzima kabla sijaikumbuka sahihi yangu.

Hakuna la kufanya, kwa hiyo usihangaike tena na zile ofisi. Kweyu amefika. Ni mtu mzuri, amebanana na mkewe kwenye chumba cha zahanati mpaka nimpishe nyumba, na mkewe anaimba akifagia. Siwezi kwenda kumwambia arudi alikotoka.

Umeniuliza kwa nini sikuandika ninachokitaka. Nilidhani ukinipa wewe ndipo kitakuwa halali yangu. Basi naandika sasa, ingawa hakuna kitu kitakachobadilika: nilitaka data. Niliitaka sana, Kaka, na bado naitaka.

Nafika Jumamosi. Tafadhali usiniombe msamaha mbele ya Mama. Mwambie Kisumu yalikuwa makosa ya karatasi tu, na kwamba ni mimi mwenyewe niliyetaka kurudi nyumbani.

Dada yako,
Shiru