Ini Lililotwangwa Kinuni

Bagamoyo

Mama yangu,

Shikamoo, na uipokee kabla hujaanza kunicheka. Haya mafunzo ya ugonjwa wa ini yamenitia wazimu. Mwalimu ametuonya, wauguzi na wakunga, kwamba unapita kwenye damu, mama anaweza kumwambukiza mwanawe akizaa, na mgonjwa hugeuka njano. Basi leo tumekwenda kumtazama mzazi aliyejifungua juzi. Kuvuka kizingiti tu, namwona uso, shingo, mikono, njano tupu! Nikapiga kelele, "Ini hilo! Apelekwe hospitali sasa hivi!" Binti wa watu akamkumbatia mwanawe, akaanza kulia. Mama mkwe wake, aliyekaa kando ya kinu, akanitazama taratibu. "Ini gani, mwanangu? Hilo nimelitwanga mwenyewe asubuhi."

Manjano, mama! Na mimi ni mtoto wa Pangani, niliyesingwa manjano na wewe arobaini nzima nilipojifungua! Hata hivyo nikamfunua kope kama tulivyofundishwa: macho meupe kama nazi. Chumba kizima kikaangua kicheko, mzazi naye. Hapo ndipo harufu iliponifikia, ya manjano na liwa, nikausikia mkono wako mgongoni, nawe ukinigombeza nitulie. Nilijifanya nacheka na wenzangu.

Nibusie mwanangu, mwambie asikuchoshe. Nimenawa kwa sabuni, rangi imegoma kutoka vidoleni. Hilo doa pembeni mwa kadi hii si uchafu, mama. Linuse.

Mwanao,
Mwanaidi