Igisura cha Mabukwe, Bila Bizari

Verediana wangu,

Ni mimi mumeo, dereva aliyelala Mombasa, Kampala, Bujumbura na Lubumbashi, na hakuna mji uliomshinda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokutongozea, wewe ukinijibu kwa Kinyarwanda ili nisijue kama umekubali. Shule niliishia darasa la tano, hilo unalijua. Soma hivyo hivyo.

Mvua ya kwanza imenyesha. Tangu tulipokuzika kiangazi kile, lori limesimama. Barabara ya kaskazini imefungwa kwa vita, na mimi niko hapa kwetu Nyamirambo kila siku, mtu ambaye hukuwahi kumpata nyumbani wiki mbili mfululizo. Nimepatikana wakati hakuna anayenitafuta. Juzi nikinyoa nilijisimulia kile kisa cha twiga wa Voi, aliyeingiza kichwa dirishani mwa lori akala kofia yangu. Nilipofika pale unapochekaga, nikanyamaza kukungoja.

Lakini nilichokaa kuandika ni habari za mama yako. Hali chakula.

Nilikwenda kwake Masaka, hii yetu, si ile ya njia ya Kampala, nikakuta viazi alivyoletewa na majirani vimekauka kwenye sahani. Yeye yuko ndani nyuma ya pazia, mimi uani. Unajua adabu zetu: miaka kumi na moja mama yako, mabukwe wangu, hajanitazama usoni wala kunitaja jina, na mimi sijala mbele yake. Wewe ndiye ulikuwa unapita katikati na maneno yetu, unayapunguza makali njiani. Sasa nani apite? Niliogopa, Vere. Niliona atakufuata, na nitabaki sina hata mtu wa kunikwepa.

Basi nikasema na kuku wake: "Mtu akikataa viazi, anataka nini?"

Kuku akaendelea na kazi yake. Baadaye sauti ikatoka ndani, naye anasema na ukuta: "Mvua imenyesha. Mwanangu angekuwa ameshaniletea igisura."

Igisura. Yale majani yako yanayowasha, yanayochipua nyuma ya zizi la marehemu baba yako kila mvua ikirudi. Nilikucheka miaka yote. Nilikuwa nasema mtu aliyekula biriani ya Mombasa hawezi kula mboga inayompiga. Wewe unachuma kwa mikono mitupu, unashika kwa chini, vichwa vichanga tu, unasema, "Ukisitasita ndiyo yanakuchoma."

Mimi mjanja nikavaa glavu za lori. Nilichuma vizuri kabisa, halafu nikapangusa jasho usoni kwa glavu zile zile. Pua ilivimba kama andazi. Na pua hiyo nikaingia jikoni kwa mabukwe, mwanamume, tena mkwe. Babu zangu wageukie ukutani. Nikakaanga vitunguu, nikatia na bizari ya Mombasa ili ajue binti yake aliolewa na mtu aliyetembea. Nikaweka bakuli mlangoni, nikakohoa, nikasogea mbali. Mkono ukatoka, bakuli likaingia. Bakuli likatoka vile vile, limejaa.

"Hiki ni chakula cha wasafiri," akauambia ukuta. "Mwanangu alitia karanga na chumvi."

Nikarudi zizini. Glavu nilikuwa nimezitupa. Nilishika kwa chini kama wewe, nikasitasita, yakanichoma mpaka kwenye viwiko. Nililia pale, Vere, na nilishukuru kwa kuwa na cha kusingizia. Mazishini sikulia, nilikuwa nachekesha watu.

Safari hii tulipika wawili. Mimi jikoni, yeye nyuma ya pazia anaongoza kwa pua. "Yatolewe, yatakuwa meusi." Nikatoa. "Yatwangwe." Nikatwanga. Nikatia unga wa karanga, chumvi, basi. Bakuli likaingia. Nilihesabu kuku mara tatu. Likatoka tupu, limefutwa kwa kidole.

Halafu ukuta ukaulizwa: "Na huko barabarani kuna nini?"

Sijui kisa kingine, nikasimulia cha twiga. Nikafika pale pako, nikanyamaza kwa mazoea. Nyuma ya pazia mtu akacheka, kicheko chako kile kile kinachoanzia puani. Nilisimama, Vere. Nilishika pazia nikitaka kulifungua. Nikaliachia.

Kumbe ulikuwa umekiacha pale.

Kila mvua ya kwanza nitachuma mimi, hata barabara ikifunguliwa na tajiri mwenye lori akanipigia kelele. Mikono mitupu. Bizari nimewapa majirani. Na kila Jumapili nitakwenda kukaa uani kusema na kuku.

Lala, mwenzangu. Vidole bado vinawaka, na sijavipaka kitu.

Mumeo, wa barabara zote